Kipande Chini ya Benchi

Dada Wambui,

Nakusalimu kutoka Nakuru, ambako upepo wa ziwani unatutilia vumbi jeupe la magadi hadi kwenye uji. Tunakunywa tu. Sisi vijana wa kujitolea tunafundishwa haki za binadamu, ili tukafundishe wenzetu huko nyumbani. Mwalimu ni Mhindi mmoja mpole wa hapa mjini.

Leo alitusomea kwamba kila mtu ana haki ya kutembea nchini mwake bila kuzuiwa. Kisha akasema, "Aliyeelewa ainue mkono." Tukainua sote, na kila mkono umeshika kipande, kile kitambulisho ambacho serikali ya mkoloni haituruhusu kutembea bila hicho.

"Vya nini hivyo?" akauliza.

"Si umesema mikono juu, bwana?" akajibu Njeri, jirani yangu wa benchi. "Askari wa barabarani akisema hivyo, mkono unapanda na kipande chake."

Mwalimu akatuomba tuviweke chini ya benchi mpaka somo liishe. Tukaviweka.

Niwekee viazi vya kuchoma, na umwambie Mama asihofu. Somo lote nilikuwa nimekanyaga changu kisipotee, kama wengine wote.

Ndugu yako,
Kariuki