Mishono Iliyolala Kushoto

Mwenzangu, uko hapo? Nina jambo la kukusimulia.

Leo nimempelekea binti wa Mashoto lile blanketi la viraka. Lile tulilokuwa tunashona mimi na marehemu mama yake, nikabaki kulimalizia peke yangu.

Si unakumbuka, yeye alishona kwa mkono wa kushoto. Mishono yake inalala kushoto, yangu kulia. Miaka kumi na moja tumetaniana kwa hilo.

Binti akalitandaza kitandani, akapapasa kiraka cha mwisho, kile cha pembeni. Akauliza taratibu, "Mama mdogo, hiki mama alikishona lini?"

Nikamwambia hicho nimekishona mimi, jana.

"Hapana, mama mdogo. Hebu tazama."

Nikatazama. Mishono imelala kushoto. Yote.

Mwenzangu, kiraka hicho nilikikata kwenye gauni nililovaa kwenye mazishi yake. Nililinunua yeye ameshafariki.

Kufika nyumbani nikajaribu kushona kwenye kitambaa kingine. Mishono inalala kulia, kama siku zote.

Usinicheke. Nilitaka kuifungia sindano kabatini. Nimeishia kukivuta kiti alichokuwa akikalia marehemu tukishona, nikakiweka karibu na meza.