Punguza Muziki

Kaka mpendwa,

Nyumbani hatujambo. Asante kwa video ya kung'arisha boneti. Wengine huficha makosa, lakini sisi wapenda magari tunataka kuyaona pia. Wewe umeonyesha mashine ilivyoacha alama na ulivyoziondoa. Somo hilo limeliokoa gari la baba mikononi mwangu.

Baba, ambaye hajakutaja tangu uiache gereji yake, alikuwa nyuma yangu nilipoitazama video hiyo, akiangalia na kusikiliza. "Huyo bado anakandamiza mashine kama anakanda unga," akasema. Video ilipokwisha, akaniambia niirudie.

Nimeiandika siku hiyo katika shajara yangu. Baba ana ombi moja tu: upunguze muziki, sauti yako isikike.

Ni mimi mdogo wako, mwenye shukrani.