Namba za Ramani ya Zamani

Kirua Vunjo,
9 Februari

Dada Theopista,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro pamoja na shemeji na watoto, na kwamba mgongo umepata nafuu. Sisi hatujambo. Baba bado anakohoa asubuhi, ila bakuli la mtori analimaliza. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia.

Jumamosi nilikuta watu watatu kwenye migomba yetu wakichomeka vigingi. Mkubwa wao alijitambulisha kwa heshima kuwa ni Mussa, fundi samani wa Njoro, na kwamba amenunua eneo lile kwa Sirili. Nilicheka. Nikamwambia shamba la Sirili, mdogo wetu, liko chini kule penye mawe. Hapa ni pangu, baba alinigawia mbele ya ukoo, na pale ni kaburi la mama. Akanionyesha simu. Alikuwa ameingiza namba za latitudo na longitudo kutoka kwenye karatasi ya upimaji ya Sirili, na simu ilisema tumesimama katikati ya shamba lake.

Niliomba ile karatasi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba namba zimetolewa kwenye ramani ya zamani. Hapo nikaelewa, maana ndiyo jiografia ninayofundisha. Dunia si mviringo kamili kama mpira. Imevimba kiunoni, na haiko sawa kila mahali. Ili kuiwekea namba, wapimaji huchagua umbo linaloikaribia. Wale wa zamani walichagua umbo lililokaa vizuri upande huu wa Afrika. Setilaiti za leo zinatumia jingine, la dunia nzima. Namba za Sirili kwenye ramani yake ziko kule chini kwenye mawe. Ukizitia kwenye simu bila kuzibadilisha, zinapanda mlima karibu mita mia tatu, hadi kwa mama.

Mussa alishika kichwa. Mimi nilidhani ni makosa tu, hata nilipompigia Sirili nilianza kwa kumpa pole. Akasema, "Dada, si wewe uliyenifundisha habari za ramani mbili?"

Ni kweli. Mwaka juzi tukimenya ndizi jikoni aliniuliza, nikamchorea kwa mkaa sakafuni, nikafurahi kwamba mdogo wangu anapenda somo langu. Akaongeza kwamba ardhi ya mababu haiendi kwa mwanamke, na kwamba karatasi yake haina kosa, iliyoonyesha mahali pasipo ni simu. Akakata.

Hilo peke yake lingetosha kunilaza kitandani. Lakini Mussa, bila kujua anachofanya, aliniuliza mbona dada yangu mkubwa hakunieleza. Alisema mwezi wa Desemba, nilipokuwa Dodoma kusahihisha mitihani, ulifika hapa na Sirili. Ulisimama kando ya kaburi ukamwambia yeye Mussa, "Hili tutalihamisha, usijali." Nilimwambia amekuchanganya na mtu mwingine. Nilikutetea, dada. Ndipo akatoa mkataba. Shahidi wa kwanza ni wewe. Ile T yako yenye mkia naijua tangu uliponishika mkono kunifundisha kuandika.

Sirili alitumia nilichomfundisha. Wewe hukuhitaji ramani. Ulijua umesimama wapi. Kama uliumia baba aliponipa mimi, ungeniambia. Nawe ni mwanamke kama mimi, ningekukatia nusu siku hiyo hiyo.

Baraza la kata litakaa Alhamisi ya tarehe 26. Nitaeleza habari za ramani, na Mussa, ambaye naye ametapeliwa, ataleta mkataba. Njoo useme mwenyewe kabla haujasomwa. Usipokuja utasomwa, na jina lako litasikika mbele ya majirani. Sitalificha.

Wasalimie shemeji na watoto. Hao sina ugomvi nao. Baba sijamwambia, anadhani vigingi ni vya watu wa maji. Ameniona naandika, akauliza kama ni kwako. Anasema nikuambie chumba chako kimefagiliwa, uje Pasaka, kwa kuwa katika watoto wake wote wewe ndiye ambaye hujawahi kumdanganya. Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
Flavia