Gitaa Ulilomwachia Mdogo Wako

Nyumba ya fundi viatu,
chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Kifua kimepoa? Ulisema baridi ya huko inakuingia mpaka kwenye meno, nami nikasikitika, maana najua huna wa kukuchemshia hata maji. Vaa vizuri, usijifanye kijana.

Sisi tunapumua. Mtoto alikuwa na homa, sasa imeshuka. Dada yake ameng'oka meno mawili ya mbele, tunamwita Kibogoyo, naye anacheka ameziba mdomo kama bibi harusi. Mama mguu unamsumbua, lakini mdomo haujambo. Samahani kwa mwandiko huu. Mtoto yuko mgongoni na kila nikiinama ananivuta nywele.

Mdogo wako yupo. Siwezi kuandika kwamba hajambo. Kidonda kimefunga na daktari ameridhika, lakini vile vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilivyochukuliwa na mashine ya kuranda mbao, yeye bado anavyo. Anajikuna pale vilipokuwa. Tangu siku ile maneno yake ni "sawa", "sijui" na "fanya unavyoona". Ukimuuliza atakula nini, fanya unavyoona. Hata mtoto alipochemka mwili, nikauliza tumpeleke sasa au tungoje kuche, fanya unavyoona. Shemeji, kuna siku natamani anigombeze tu, nijue kwamba nina mume.

Sasa lile gitaa la besi. Wewe uliandika, "Liuzeni, ni mbao na waya tu." Nilijua hukumaanisha, maana alama uliyoichora kwa msumari mgongoni mwa gitaa bado ipo, lakini nilishukuru kwa ruhusa. Mama naye kila akipita anajigonga kiuno. "Hili dude limelala mahali pa mtoto!" Kweli limelala. Tangu tuhamie chumba hiki kimoja chenye pazia katikati, kila kitu kimelala juu ya kingine. Kiwanda kimesema hakina kazi ya mtu wa mkono mmoja, kwa hiyo tunategemea kazi yangu ya kufua mashuka hospitalini. Habari za hesabu sitakuandikia, unazijua. Nilimuuliza mwenyewe mara tatu, tuuze au tuweke? Fanya unavyoona. Basi nikaona tuuze.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi simu wa hapa barabarani. Alipochomeka spika yake, gitaa likalia krrr, krrr, kama redio iliyoanguka chooni. Waya ulikuwa umeachia ndani. Nikalaumu kuhamahama kwetu, nikamwomba auunganishe. Wa pili alikuwa mwalimu wa kwaya. Huyo alikuta ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi unazunguka bure, na uzi mnene umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. "Mama, gitaa lenu lina mafua," akasema. Nikacheka naye kwa aibu. Mdogo wako alikuwa nyuma ya pazia, uso ukutani.

Wa tatu angekuwa kiongozi wa bendi aliyokuwa akipigia mdogo wako, yule wanayemwita Kengele. Amepata mpigaji mpya, na gitaa analijua tangu enzi zako, mafua au si mafua. Tulikubaliana aje Alhamisi mchana.

Alhamisi hiyo niliomba ruhusa kazini kwa sababu ya homa ya mtoto, nikarudi mapema. Mama alikuwa nje amempakata. Nikafungua mlango. Mdogo wako alikuwa ameketi kitandani, gitaa amelibana kati ya magoti, mkono wa kulia umeshika tupa, ile ya kunolea misumeno. Alikuwa anakwangua kile kipande cheupe cha mfupa kilicho juu ya shingo, chenye mikato ya kukalia nyuzi. Unga mweupe ulikuwa umejaa kwenye suruali.

Nilidhani analitengeneza. Nilifurahi, shemeji, nakwambia ukweli. Kisha nikaona mkato wa uzi mnene umechimbwa mpaka chini, naye akaficha tupa chini ya godoro kama mtoto aliyeiba sukari. Hapo nikaelewa ule waya. Nikaelewa na ufunguo.

Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Usiniharibie vitu kwa siri. Kama hutaki liuzwe, una mdomo." Mlango ukagongwa, hodi, ndiye Kengele. Nikasimama kando ya mlango. Nikamwambia tena, polepole, "Mimi simjibu. Gitaa ni lako. Ukinyamaza, naliuza, na usiniangalie vibaya kesho."

Kengele akabisha hodi ya pili.

"Haliuzwi," mdogo wako akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza kama ya mtu aliyeamka. Kisha akarudia kwa nguvu, mpaka fundi viatu akaacha kugonga nyundo, "Nimesema haliuzwi!"

"Haya bwana, kaka, nimesikia," Kengele akajibu nje. "Si ungesema tangu juzi?" Akaondoka.

Usidhani nililia kwa furaha. Nilikaa juu ya ndoo nikalia kwa sababu tulilitegemea gitaa lile, na sasa nimechukua zamu ya pili ya kufua, mikono inachubuka kwa dawa. Mama alipoambiwa alisema, "Vizuri, leo tupike nyuzi." Kibogoyo akacheka. Baba yake hakucheka.

Sijui kama nimefanya vizuri. Humu hakuna wa kulipiga, na hata angekuwepo, kwa mfupa ule halipigiki tena. Lakini ni kitu cha kwanza alichokitaka tangu aumie mwezi wa pili, na mimi siwezi kumnyang'anya mtu kitu pekee anachokitaka. Limetundikwa ukutani juu ya kitanda. Jioni analitazama. Hajaligusa.

Nina ombi moja. Usimwandikie tena pole, amezipokea za kutosha na zote zinakaa kwenye boksi. Wewe ndiye uliyekiweka kile kipande cha mfupa kwa mkono wako. Mwandikie yeye, jina lake juu ya bahasha, si langu. Muulize vipimo vyake, upana na umbali wa mkato hadi mkato, umtafutie kingine huko. Mimi akiniuliza nitasema sijui, na kweli sijui. Itabidi apime na akujibu. Mkono wake wa kuandikia ni mzima.

Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Kibogoyo anamsalimu baba yake mkubwa na kutaka picha ya theluji. Nawe ukipata nafasi ya kusafiri mpaka kwa shangazi, mpe mkono kwa niaba yetu, yeye na wanawe. Mungu akifungue kifua chako na akulinde na upweke.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, na karatasi atakayokujibia mdogo wako nimeshaichomeka nyuma ya nyuzi za gitaa, anaiona.

Mama Kibogoyo