Fomu ya Kulowea

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mziwanda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kikohozi kimepona? Sisi wazima, ila mimi nina hasira. Nimezingoja siku tatu zipoe, zimekataa.

Fomu yako imefika. Kwamba nchi hiyo inawabembeleza wafamasia na wanafunzi wa kigeni mlowee moja kwa moja, hilo halinikeri. Umesoma kwa jasho lako, na kazi umeipata huko. Nilikuwa nimeshashika kalamu nisaini pale ndugu anapotakiwa kuwa shahidi.

Mama akataka nimsomee kwanza. Unamjua, karatasi yoyote yako lazima asomewe, hata bahasha. Alisogeza kiti karibu na cherehani yangu, kavaa gauni lake jipya utadhani anapokea mgeni. Nikasoma jina lako, akaitikia kwa kichwa. Nikasoma shahada yako, akacheka peke yake. Nikafika pa wazazi. Umeandika: Baba, marehemu. Mama, marehemu.

Sasa ngoja nikupe vidonge vyako, mfamasia. Kwenye kile kikaratasi ulichokitia pamoja na fomu unaniambia eti mwenzako wa chuoni kakushauri kwamba asiye na mzazi nyumbani hujibiwa upesi. Huyo ana akili ya kuku, na wewe uliyemsikiliza je? Mtu mzima na ndevu zako, unamzika mama yako ili uwahi foleni. Halafu karatasi yenyewe unaileta nyumba hii hii anamokaa, umesahau kabisa kwamba barua zako anasomewa.

Nilipofika hapo niliuruka mstari, naye akagundua. Akaniuliza, "Juu yangu wameandika nini?"

Nikamwambia wameulizia afya yake.

"Waandikie sijambo," akasema. "Miguu tu."

Nimeona aibu mpaka sasa. Miaka yote namsomea, sijawahi kumdanganya hata neno moja. Nimeanza kwa ajili yako.

Sijasaini. Fomu yako hiyo humu ndani, andika upya. Ukitaka kulowea, lowea, sikuzuii, na nitasaini kwa mikono miwili. Lakini ikirudi na neno lile, nitamsomea kama lilivyo, na maelezo utampa mwenyewe.

Shangazi anakusalimu, na fundi viatu wa jirani pia. Mungu akulinde, akurudishie na akili.

Mama anakusalimu. Yu hai.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.