Mikono Iliyofungwa Hina

Ami yangu,

Mwanao Athmani ameniandikia kuwa ulimi wako umekufa. Ulianguka ukitoka kuoga, upande wa kulia hauitiki, na ukifungua mdomo hutoka sauti ambayo hakuna mtu huko Malindi anayejua maana yake. Nilipofika hapo katika barua yake nilicheka, Ami. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaketi chini. Nakwambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya pole.

Mwanao anasema wanakupa uji ukiwa na kiu ya maji, wanakulaza ubavu usioutaka, na ndugu zake wamekwisha kumpa mtu shamba lako la minazi alitunze, kwa kuwa walikuuliza ukanyamaza. Anaomba nimpeleke Zuena. "Yeye amezoea kusema bila mdomo," ameandika, "atatufundisha sote." Kumbe leo mnalijua jina la mdogo wangu. Tangu homa ya utotoni ilipomchukua masikio, kwenu alikuwa "yule bubu" tu.

Sikukuchukia tangu mwanzo. Baba alipokufa, wewe nduguye ulitutwaa ukatulea katika nyumba yako ya Kuze, hapa Mombasa, na kila Idi ulimbeba Zuena begani mpaka kwenye bembea za Makadara, hata alipokuwa mzito na mkeo akikucheka. Ulimfahamu vizuri. Alipokung'uta viganja, kama mtu mwenye unga mikononi, ulijua amesema hataki. Ulimwondolea sahani na kumwambia, "Haya basi, mwanangu, hutaki, hutaki." Ndiyo maana siwezi kukusamehe. Asiyejua ningemwachia Mungu.

Ilikuwa wakati wa vita, mchele ukitolewa kwa kadi, nawe ukasema harusi ya Zuena iwe ndogo. Ulitaka orofa ya juu aliyolala ibaki wazi, Athmani apate pa kuoa. Ukampata mzee wa Kibokoni, mwenye wake wawili, ambaye kwake mke asiyesikia hakuwa tabu. Mkeo akatuambia Zuena amepata sitara, kisha akanipa bakuli la hina. Nikamtia mimi. Nilimtia kwa furaha, viganja na nyayo, nikamfunga vitambaa kila mkono mpaka juu ya kifundo. Hakuna aliyekuwa amemweleza ile hina ni ya nini. Nilidhani anajua, kwa sababu nyumba nzima haikuwa na mazungumzo mengine wiki ile. Yeye alidhani naolewa mimi, niliyekuwa mjane wa mwaka mmoja, na yeye anapambwa kama dada wa bibi harusi.

Ndipo ulipoingia na mashahidi wako wawili, wakasimama mlangoni. Ukamuuliza kama akubali umwoze fulani bin fulani, kwa mahari kadha wa kadha. Ulisema polepole, kwa Kiswahili safi, kumwambia mtu asiyesikia hata mzinga. Alipowaona wale wanaume mlangoni ndipo alipofahamu. Mdomo wa Zuena ni mikono yake, na mimi nilikuwa nimeufunga kwa vitambaa. Akatia meno. Akavua kitambaa kimoja, hina ikamwagika juu ya leso na sakafuni, akaukung'uta mkono ule peke yake hewani. Ukamtazama, Ami. Nilikuwa nimeketi miguuni pake, niliyaona macho yako. Kisha ukageukia mlangoni ukasema, "Mumeona? Amenyamaa. Yuwaona haya, mtoto wa watu."

Mashahidi wakacheka kwa upole, wakaondoka kwenda kuoza. Mimi nikachukua tambara nikafuta hina sakafuni.

Yule mzee wa Kibokoni hakumpiga, nitamtendea haki. Alimshika mikono tu. Kila Zuena alipoanza kueleza jambo, aliishika yote miwili akaibana mapajani mwake, kama mtu anavyomtuliza mtoto, na wake wenza wakamsifu kwamba ana subira. Zuena alikaa hivyo mwaka na miezi. Siku moja mchana kweupe akavaa buibui lake, akapita katikati ya soko, akaja kupiga mlango wangu mateke. Hakutaka maji wala kuketi. Alinieleza saa nzima kwa mikono yote miwili, na mimi dada yake wa tumbo moja sikufahamu hata nusu. Nilijua maneno ya jikoni tu: mchele, chumvi, njoo, lala. Hakuna aliyewahi kuzungumza naye zaidi ya hayo.

Siku ile niliapa mambo mawili. La kwanza, kujifunza maneno yake yote. La pili lilikuwa juu yako.

Nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa mtu wa kumpigia kelele sikioni, kumvuta bega, kumsemea nikiwa nimempa mgongo, na tambuu imejaa mdomoni. Akanifundisha nikanyage sakafu kwa kisigino nikimwita, apate kuisikia kwa miguu. Akanifundisha niketi penye mwanga, aone uso wangu. Nikijifanya nimefahamu nami sikufahamu, alinipiga kofi la paja nianze upya. Siku moja tulikwenda kwa yule Mhindi Bohora wa Ndia Kuu anayetuuzia nyuzi za kofia tunazoshona. Akaniuliza mimi, kama kawaida yake, "Yuwataka uzi gani?" Nikajibu kama kawaida yangu, mweupe. Zuena akanisukuma pembeni, akatia mkono ndani ya sanduku, akatoa uzi wa kahawia, akamwekea Bohora mbele ya pua. Nikajua kuwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimchagulia rangi. Kofia zake za kahawia sasa zinagombewa mpaka Kizingo, na mimi sina sifa yoyote humo.

Basi tukaenda kwa Kadhi. Wewe hukuja, ulituma neno kuwa una homa. Kadhi alimuuliza Zuena kama siku ile aliridhika, nami kabla sijamfasiria nikadakia, "Hakuridhika, Sheikh, mimi nilikuwapo." Akainua kidole. "Sikukuuliza wewe, mama. Nimemuuliza yeye. Mfahamishe, kisha unyamae." Uso uliniwaka. Nikamfasiria, nikanyamaza, na Zuena akajibu kwa muda mrefu, bila haraka, mikono yake miwili ikiwa mitupu. Hata asiyemjua alifahamu. Kadhi akasema mwenye ulimi akinyamaza huhesabiwa ana haya na ameridhika, lakini asiye na ulimi kauli yake ni ishara, na aliyeiona ishara akaificha ana la kujibu kwa Mola wake. Ndoa ikabatilishwa. Msikitini watu wakaanza kukuitikia salamu kwa shingo upande, na mwezi haukuisha ukahamia Malindi.

Ulidhani imekwisha. Kwangu haikuisha. Nilikuombea, Ami, nisikufiche. Sikukuombea kifo. Niliomba siku moja uwe na neno moja tu la kusema, ukose pa kulitolea, na mwanao mwenyewe asimame mbele yako aseme umeridhika. Barua ya Athmani ilipofika nilisoma ndani yake kila neno la dua yangu. Nikaificha chini ya godoro siku tatu. Niliazimia kumjibu kwamba Zuena hataki kuja.

Siku ya nne, tukichagua mchele, akaniuliza kwa nini nachekacheka peke yangu. Nikawa sina pa kujificha, maana hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimeshamjibia. Nilikuwa nimesimama pale ulipokuwa umesimama wewe, Ami, na hilo ni tusi ambalo sikutegemea kulipata katika maisha yangu. Nikaitoa barua, nikamweleza yote, shamba na uji na ubavu usioutaka. Nikangoja alie, au acheke kama mimi. Hakufanya hata kimoja. Aliuliza kitu ambacho mimi, mwanao, na ndugu zake wote hatukukiwaza.

Aliuliza: "Ami ameulizwa kama anataka nije?"

Basi, Athmani, wewe unayemsomea babako barua hii kwa sauti, nisikilize. Waite ndugu zako, na yule aliyepewa shamba pia aje. Mgeuze baba akuone uso, ukae penye mwanga. Mkono wake wa kushoto uutoe nje ya shuka, na mtu yeyote asiushike. Muulize jambo moja tu, kwa maneno machache: Zuena aje, asije? Mwambie akitaka akuite kwa vidole, asipotaka aukung'ute mkono. Kisha ungoje. Akichelewa ngoja, akitoa machozi ngoja. Usimfasirie macho yake. Ukiniandikia kuwa alinyamaza, sitakuamini.

Na wewe, Ami, usidhani nimelainika. Ingekuwa hiari yangu ungebaki na uji wako. Ninachokitaka sasa ni kizuri kuliko nilichoomba. Nataka umtake. Nataka umwite kwa mkono huo mmoja uliobaki, mbele ya wanao wote waone, na ukikataa, ukatae nao waone vilevile. Buibui lake liko tayari na lori la Malindi huondoka asubuhi. Yeye hana haraka, amesema atangoja jibu lako mwenyewe.

Ni mimi, binti mkubwa wa marehemu nduguyo,
Mwanakheri.