Ulivyotaka Kuitwa, Mama Domitila

Mbuba, Ngara

Mama Domitila,

Shikamoo. Ningekuandikia Kihangaza chetu cha hapa Ngara, ulichokisikia vizuri kama Kirundi chako, lakini mimi kuandika nilifundishwa Kiswahili tu. Utanisamehe, kama ulivyonisamehe mengine mengi.

Leo ni siku ya tisa tangu tukuzike. Nimeona nikueleze mwenyewe ilivyokuwa, maana ulizuka ubishi juu yako.

Kisa ni wasifu wako wa kusomwa kaburini. Katekista alinipa mimi niuandike, kwa kuwa ni mwalimu. Nikaandika: mfinyanzi, mkimbizi kutoka Burundi, Mtwa kwa kabila. Akausoma, akaguna. Akasema hapo mwisho tupafute, tusimdhalilishe mama wa watu siku ya maziko yake. Hakuwa na nia mbaya. Huku kwetu mtoto akichafuka huambiwa amekuwa Mtwa, na yeye alidhani anakusitiri. Nilikasirika, unazijua hasira zangu. Halafu nikaona aibu, kwa sababu niliwahi kufanya kosa hilo hilo, tena langu lilizidi.

Unakumbuka? Mwaka ule mlipovuka mpaka mkajaa vilimani kote, mimi nilikuwa bado chuo cha ualimu, na wakati wa likizo niliandika majina ya watu wa kupewa mablanketi pale parokiani. Ulipotaja kabila lako, mkono wangu ukasita. Nikaona neno lile ni tusi, nikakutafutia Kiswahili cha kitabuni, nikaandika "mbilikimo". Nilijiona mstaarabu kweli kweli! Mwanamke aliyekuwa nyuma yako akakusomea na kukueleza maana yake. Hukugomba. Ulizunguka meza, ukasimama bega kwa bega na mimi, ukawauliza waliopanga foleni, "Nani mrefu hapa?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Ulikuwa umenizidi kichwa kizima.

"Mimi ni Mtwa," ukaniambia. "Ndivyo mama yangu alivyojiita. Kimo changu kakuuliza nani?"

Nikafuta, nikaandika upya. Baadaye baba alikupa mahali pa kujenga karibu na bonde, penye udongo mzuri, nami kila likizo nikawa nashinda kwako. Ulinifundisha kuponda vigae vya vyungu vya zamani na kuvichanganya na udongo mbichi, ili chungu kisipasuke motoni. Vyangu vya kwanza vilipasuka vyote. Ulicheka mpaka ukatoa machozi, nami nikanuna, ukanipa udongo mwingine.

Lakini nyumbani kwetu ulikuwa na kikombe chako. Cha bati, kimetundikwa nje, mbali na vyetu. Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wakiwafanyia Watwa: vyungu vyao tunapikia, ila midomo yao isiguse vyombo vyetu. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea kikombe hicho, huku najisifu moyoni kwamba sasa nakuita vizuri. Siku moja ulikipokea, ukakitazama, ukasema taratibu, "Mwanangu, kuniita umeshajua. Sasa jifunze kunikaribisha." Nilitamani ardhi ipasuke nijifiche. Nikaingia ndani, nikachukua kikombe changu mwenyewe, nikakumiminia chai. Mama yangu mzazi alinuna wiki nzima, halafu naye akazoea. Nakushukuru kwa siku ile kuliko kwa vyungu vyote.

Na ulinionyesha kwamba hata jina zuri lina mahali pake. "Wakiuliza sisi ni watu gani, waambie Watwa. Ukiniita kunywa chai, mimi ni Domitila." Nimewaeleza walimu wenzangu hivyo hivyo, na wengine wameanza kunielewa.

Basi kabla ya maziko nilikuwa tayari kugombana na katekista mbele ya watu. Nikamkumbuka Goreti. Binti yako ameolewa Nyantakara, kule Biharamulo, na wakwe zake walijua ni Mrundi tu. Wewe mwenyewe ulinieleza kwa nini alificha: rafiki yake alirudishwa kwao mara tu ilipojulikana ni Mtwa. Na wakwe walikuwa njiani kuja msibani. Nikilisoma lile neno, nimekuheshimu wewe na kumvunjia yeye nyumba yake. Nikilifuta, nimekuzika nusu.

Nikamfuata jikoni alikokuwa anachambua maharage na akina mama, nikamwita pembeni, nikampa karatasi na kalamu. "Neno ni lenu," nikamwambia. "Ukitaka, lifute." Akasoma mara mbili. Aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kaburini, msomaji alipoitwa, akatoka yeye. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mbele kabisa. Goreti alisoma kwa sauti iliyonyooka, Mama. Akasoma ulikozaliwa, akasoma vyungu vyako, akasoma majina ya watoto uliowazika njiani mkikimbia. Alipofika mwisho akainua uso.

"Mama yangu alikuwa Mtwa," akasema. "Na mimi ni Mtwa."

Nililia, sikujali nani ananiona. Mumewe akanyanyuka kutoka kwa wanaume, akaenda kusimama karibu naye. Wazazi wa mume waliondoka bila kuaga. Mume mwenyewe yuko hapa mpaka leo, anaezeka upya kibanda chako cha kufinyangia. Kitakachotokea wakirudi Nyantakara sikijui, wala Goreti hakijui.

Asante, Mama. Ulikuja kwetu huna kitu, ukanipa kazi ya mikono na macho ya kujiona. Nakuahidi kwamba nisipojua watu fulani wanajiitaje, nitawauliza wao kabla ya kushika kalamu. Lala salama katika udongo wa bonde hili, unaoujua kuliko sisi tuliozaliwa juu yake.

Na wakimfukuza Goreti, nitakwenda Nyantakara kumchukua mchana kweupe. Wakiniuliza yeye ni nani kwangu, nitawaambia ni dada yangu.

Mwanao,
Veneranda